Kirinoidi, Visukuku na Swali la Maongozi ya Mungu

Kirinoidi ni wanyama wa baharini wa nasaba moja na kiti cha pweza na jongoo bahari. Wengi wa wale wa kale waliishi wameshikamana na sakafu ya bahari kwa shina refu. Juu ya shina palikuwa na kikombe kidogo kilichobeba mdomo na utumbo, na ukingoni mwa kikombe ilichipuka mikono, mitano au zaidi, yenye matawi membamba ya kukinga chembe za chakula zilizopita na mkondo wa maji. Umbo lao ni la ua, lakini ni wanyama kamili: hula, huzaliana, wana mishipa ya fahamu, na mwili wao umejengwa kwa vipande vingi vya kalsiti. Kwa visukuku peke yake, wataalamu wametambua spishi zaidi ya 6,000. Zilizo hai leo ni 600 na kitu. Pengo kati ya hesabu hizo mbili ndilo lililowaingiza wanyama hawa, wasio na ubongo wala sauti, katika swali zito la dini na falsafa: je, jamii nzima ya viumbe alioumba Mungu inaweza kupotea, asibaki hata mmoja? Na ikiwa inaweza, kuwako kwake kulikuwa na maana gani?

Kwa karne nyingi swali hilo halikuulizwa, kwa kuwa jibu lilidhaniwa limekwisha kutolewa. Aristotle alifundisha kwamba mnyama mmojammoja hufa, lakini kwa kuzaa huacha mwingine aliye mfano wake, na kwa njia hiyo hushiriki umilele kadiri awezavyo. Jamii, basi, hudumu. Wanazuoni wa dini waliipokea hoja hii na kuiweka chini ya mkono wa Mungu. Musa bin Maimun, Myahudi mzaliwa wa Cordoba aliyefariki Misri mwaka 1204, aliandika kwa Kiarabu katika Dalalat al-Ha'irin kwamba maongozi ya Mungu humwangalia kila binadamu kwa nafsi yake, ila wanyama huangaliwa kwa jamii zao. Buibui huyu kumnasa nzi yule hakukupangwa kwa amri mahususi. Kilichohifadhiwa ni nzi kwa jumla. Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alikwenda njia ileile: Mungu amewapanga wateule wake mmoja mmoja, lakini idadi ya ng'ombe, mbu na kondoo imewekwa kwa kadiri inayohitajika ili jamii zao zisikatike.

Fundisho hili lilikuwa na faida kubwa. Liliruhusu kifo kiwe jambo la kawaida bila kuifanya kazi ya Muumba ionekane imeharibika. Swala mmoja akiliwa, swala wapo. Lakini uzito wote wa hoja ulikuwa umewekwa juu ya nguzo moja tu, yaani kudumu kwa jamii. Nguzo hiyo ikianguka, mwanazuoni hawezi tena kusema kwamba kilichopotea ni kidogo na kilichobaki ni kikubwa.

Mawe yenyewe yalikuwa mikononi mwa watu muda mrefu kabla ya mtu yeyote kuyaona kuwa hatari kwa imani. Huko Dunstable, Uingereza, mwaka 1887 lilichimbuliwa kaburi la kale la mwanamke na mtoto, na ndani yake yalipatikana mamia ya visukuku vya jamaa wa kirinoidi, wale wanyama wa mviringo wenye miiba ambao wenzao walio hai huwachoma miguu wavuvi wa miambani. Kila kisukuku kina nyota ya miale mitano mgongoni. Walioyaweka mawe hayo kaburini hawakuacha maandishi, ila ni dhahiri kwamba waliyaona kuwa zaidi ya mawe. Shina la kirinoidi nalo, likisambaratika, huachana kuwa vipande vya mviringo vilivyo bapa, vyenye tundu katikati. Ujerumani vipande hivyo viliitwa senti za Mtakatifu Bonifasi. Kwenye kisiwa cha Lindisfarne, kaskazini mwa Uingereza, viliokotwa ufukweni vikaitwa shanga za Mtakatifu Cuthbert, askofu aliyefariki mwaka 687, na vilitungwa kuwa tasbihi za kusalia. Hakuna ushahidi kwamba Cuthbert mwenyewe alizijua. Mtaalamu wa viumbe John Ray, aliyefika huko mwaka 1671, alilikuta jina hilo likitumika.

Kuhusu mahali yalikotoka, wanazuoni wa Kiislamu walikuwa wametangulia. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, alieleza katika Kitab al-Shifa kwamba mimea na wanyama wanaweza kugeuka mawe kwa nguvu ya kugandisha iliyomo katika baadhi ya ardhi, na kwamba milima ilijengeka kwa muda mrefu mno. Al-Biruni, wa zama zilezile, alitumia makombe yanayopatikana wakati wa kuchimba visima kama ushahidi kwamba jangwa la Arabuni liliwahi kuwa bahari. Wote wawili hawakuona kwamba kauli hizo zinapunguza utukufu wa Mungu. Ulaya ilichukua njia ndefu zaidi. Georgius Agricola aliyaeleza mawe ya kirinoidi mwaka 1546 na kuyaorodhesha pamoja na madini. Katika miaka ya 1670, tabibu Martin Lister alichunguza kwa makini vipande vya mashina kutoka Craven, Yorkshire, akabaki na shaka kama ni mabaki ya kitu kilichowahi kuishi. Naye John Beaumont, tabibu wa Somerset, aliamini kwamba ni mimea ya mawe inayoota ndani ya mwamba. Wote walikuwa watazamaji hodari. Kilichowafunga ni kwamba hapakuwa na mnyama hai wa kulinganisha naye, na kukiri kwamba mawe haya ni mabaki ya wanyama kungelazimisha swali la pili: wanyama hao wako wapi?

Robert Hooke alilijibu waziwazi. Katika mihadhara iliyochapishwa mwaka 1705, baada ya kifo chake, alisema kwamba yumkini jamii nyingi za viumbe zimeangamia na nyingine zimebadilika. John Ray hakuweza kufika huko. Ray alikuwa padri wa Kianglikana aliyeacha wadhifa wake kwa ajili ya dhamiri, na maisha yake yote aliyatumia kuonyesha hekima ya Mungu katika viumbe. Katika vitabu na barua zake za miaka ya 1690 alikiri kwamba mawe mengi yanafanana mno na viumbe hai kiasi kwamba hayawezi kuwa mchezo tu wa asili, lakini aliona wazi kwamba kukubali hivyo kungebomoa imani iliyoenea kwamba tangu uumbaji hakuna jamii hata moja iliyopotea. Akatafuta kimbilio: huenda wanyama hao bado wapo, katika vilindi visivyofikiwa na nyavu. Leibniz naye, katika kitabu kuhusu historia ya dunia alichokiandika mwanzoni mwa miaka ya 1690, alilitaja kimbilio hilo, ingawa hakuukataa uwezekano kwamba viumbe wa kale waligeuka.

Ni kosa kumdharau Ray kwa hoja hiyo. Bahari inafunika sehemu kubwa ya dunia, na katika siku zake hakuna aliyejua kilichomo chini ya pima mia chache. Kusema kwamba mnyama hayupo kwa sababu hajaonekana, wakati sehemu kubwa ya makazi yanayowezekana haijatazamwa, ni kukosa adabu ya hoja. Zaidi ya hayo, kimbilio la Ray lilikuwa na sifa ambayo majibu mengi ya kiteolojia hayana: lingeweza kupimwa. Siku moja mtu angeshusha kamba ndefu ya kutosha, na kilindi kingejibu.

Jibu la kwanza lilimpa Ray ushindi. Mwaka 1755 Jean-Étienne Guettard aliieleza Akademia ya Sayansi ya Paris habari za mnyama mwenye shina aliyeletwa kutoka bahari ya Martinique na kuhifadhiwa katika mkusanyo wa bibi mmoja wa Paris. Guettard alilinganisha viungo vya shina lile na mawe, akaona ni jamii moja. Kirinoidi walikuwa hai! Kwa watu waliokuwa wakisubiri ushahidi kwamba Muumba hajapoteza chochote, habari hii ilikuwa na nguvu kubwa. Mwishoni mwa karne hiyo Thomas Jefferson alikuwa bado anashikilia kwamba asili haijawahi kuruhusu jamii ya wanyama kukatika, kwa kuwa kiungo kimoja cha mnyororo kikipotea, kingine nacho kingeweza kupotea, na kingine, mpaka mnyororo wote uishe.

Mwaka 1796 Georges Cuvier alionyesha kwamba tembo wa visukuku hawakuwa sawa na tembo wa Afrika wala wa Asia. Mnyama wa ukubwa ule hana pa kujificha. Tangu hapo, kutoweka kwa wanyama wa nchi kavu kulikubaliwa haraka na wengi. Kwa wanyama wa baharini, mlango ulibaki wazi, na kwa miaka mingi kirinoidi ndio waliokuwa wakipita mlangoni humo. John Vaughan Thompson alipata kirinoidi mdogo mwenye shina katika ghuba ya Cork, Ireland, mwaka 1823, na mwaka 1836 akathibitisha kwamba ni mtoto wa nyota-manyoya, kirinoidi asiye na shina ambaye huanza maisha ameshikamana na mwamba kisha hukatika na kuogelea. Kwa hiyo watu wa pwani zenye matumbawe, ikiwemo pwani ya Afrika Mashariki, wamekuwa wakiishi jirani na kirinoidi wakati wote: mchana nyota-manyoya hujibanza katika nyufa za matumbawe, usiku hutoka na kukunjua mikono.

Kisha mtaalamu Edward Forbes, kutokana na uchunguzi wake katika Bahari ya Aegean mwanzoni mwa miaka ya 1840, alikisia kwamba chini ya kama pima 300 hakuna uhai. Kama angekuwa sahihi, kimbilio la Ray lingefungwa. Lakini mwaka 1864 Georg Ossian Sars alivua karibu na visiwa vya Lofoten, Norwe, katika kina cha kiasi hichohicho, kirinoidi mdogo mwenye shina anayefanana na wale wa miamba ya chaki. Baba yake, Michael Sars, aliyekuwa mchungaji kabla ya kuwa profesa, alimweleza kwa ukamilifu mwaka 1868. Charles Wyville Thomson alisafiri kwenda Norwe kumwona kiumbe huyo kwa macho yake, na shauku iliyotokana na safari ile ilichangia kuondoka kwa meli ya Challenger, iliyozunguka bahari za dunia kuanzia 1872 hadi 1876.

Challenger ilileta kirinoidi wengi wenye mashina. Hapo ndipo kilindi kilipotoa jibu la pili, na jibu hilo halikumpendelea Ray. Ukoo ulikuwapo, lakini jamii zile za kwenye mawe hazikuwapo. Hakuna hata spishi moja ya zama za Kabonifera iliyopandishwa na nyavu. Ndugu zao waitwao blastoidi, walioacha visukuku vingi vyenye umbo la tumba la ua, hawakuonekana kabisa, na mpaka leo hawajaonekana. Ekinodermata, yaani kundi zima la kirinoidi na jamaa zao, walio hai wamegawanyika katika ngeli tano tu: kirinoidi, kiti cha pweza, nyota wa mikono myembamba inayokatika upesi, wale wa mviringo wenye miiba, na jongoo bahari. Miamba imehifadhi ngeli nyingine zaidi ya 15, ambazo zote zimekwisha. Pigo kubwa kuliko yote lilikuja mwisho wa zama za Permi, miaka milioni 252 iliyopita, wakati kirinoidi walipoponea chupuchupu. Oman ni miongoni mwa nchi chache zenye miamba inayoonyesha pande zote mbili za pigo hilo: kirinoidi na blastoidi wa Permi, na pia kirinoidi wa Triasi ya mwanzo kabisa, kutoka bonde la Wadi Wasit. Uzao wa wachache waliopona ndio uliojaza bahari tena.

Kwa hiyo nguzo ilianguka. Maongozi ya Mungu, yakiwa yapo, hayahifadhi jamii za wanyama kwa maana waliyoifikiria Musa bin Maimun na Tomaso wa Akwino. Majibu ya kidini yaliyofuata hayakuwa na nguvu sawa.

Jibu lililosikika zaidi katika karne ya 19 lilitolewa na William Buckland, padri na mwalimu wa jiolojia wa Oxford. Tajiri mmoja, Earl wa Bridgewater, aliacha wasia wa pauni 8,000 ili viandikwe vitabu vya kuonyesha uwezo, hekima na wema wa Mungu katika uumbaji, na kitabu cha Buckland kilitoka mwaka 1836. Kirinoidi wamepewa nafasi ya heshima humo. Buckland alitumia hesabu ya James Parkinson, aliyekadiria kwamba mwili wa kirinoidi mmoja wa Triasi ya Ujerumani una vipande 26,000, kila kimoja kimechongwa kwa umbo linalofaa mahali pake, na akauliza kama kazi ya namna hiyo inaweza kuitwa jaribio la mwanagenzi. Nia yake ilikuwa kuwajibu waliodhani kwamba viumbe wa kale walikuwa duni na ndiyo maana waliondolewa. Katika hili Buckland alikuwa sahihi kabisa, na uchunguzi wa baadaye umemuunga mkono. Kila kipande cha kirinoidi hukua kama fuwele moja ya kalsiti iliyojaa vitundu vidogo vinavyopitiwa na nyama hai. Mnyama alikuwa mwepesi kuliko jiwe na mgumu kuliko nyama. Kirinoidi walikuwa wakamilifu katika zama zao.

Udhaifu wa Buckland uko kwingine. Aliona kwamba historia ndefu ya dunia ilikuwa pia maandalizi ya ujio wa binadamu: misitu ya kale ikawa makaa ya mawe, madini yakawekwa karibu, nchi ikatengenezwa. Mawe ya chokaa ya Kabonifera, ambayo mahali pengine yamefanyika karibu yote kwa vipande vya kirinoidi, yanaingia vizuri katika hesabu hiyo, kwani yanajenga nyumba na kuchomwa chokaa. Lakini fikra hii inamfanya mnyama aliyeishi miaka milioni 340 iliyopita kuwa bohari ya vifaa vya ujenzi. Wengi wao wamo katika miamba iliyo chini mno kuchimbwa, au katika miamba iliyokwisha kumomonyoka na kurudi baharini kabla binadamu hajatokea. Hao waliandaliwa kwa ajili ya nani? Hoja inayoeleza maana ya wachache tu, na kuwaacha wengi bila maana, si jibu la swali lililoulizwa.

Lipo pia jambo ambalo Buckland hakuliona kwa uwazi ulioko sasa: maisha ya kirinoidi hayakuwa ya amani. Visukuku vingi vya Devoni na Kabonifera vina konokono aliyekaa juu ya tundu la kutolea kinyesi, na ukingo wa kombe lake umefuata umbo la mwili wa kirinoidi kiasi cha kuonyesha kwamba walikaa pamoja kwa muda mrefu. Wachunguzi wameona kwamba katika baadhi ya jamii wenye konokono walikuwa wadogo kuliko wenzao, dalili ya kunyang'anywa chakula. Tomasz Baumiller na Forest Gahn walitangaza mwaka 2004 hesabu ya mikono iliyokatwa na kuota upya: chini ya 5% katika zama za Ordovisi na Siluri, zaidi ya 10% kuanzia Devoni, wakati samaki wala-nyama walipoongezeka. Wapo wanaoona kwamba samaki wa zama za baadaye ndio waliowasukuma kirinoidi wenye mashina kwenye maji ya kina. Uharibifu haukuingia baharini pamoja na dhambi ya binadamu. Uliitangulia kwa mamia ya mamilioni ya miaka. Teolojia yoyote inayoanza na bustani isiyo na kifo hata cha mnyama inabidi ijieleze mbele ya mikono hii iliyoota upya.

Jibu lenye nguvu zaidi lilikuwa limekwisha kuandikwa, na mwandishi wake ni yuleyule Musa bin Maimun. Katika sehemu nyingine ya kitabu chake anakataa kwamba vitu vyote viliumbwa kwa ajili ya binadamu. Kila kiumbe, anasema, kimekusudiwa kwa ajili yake chenyewe, na kutafuta faida ya mwisho ya kila kitu nje ya utashi wa Mungu ni kazi isiyo na mwisho. Ajabu ni kwamba fundisho hili haliendi sambamba na lile la kuhifadhi jamii. La kuhifadhi jamii linaweka thamani katika kudumu. Hili linaiweka katika kuwako. Miamba imeliangusha la kwanza. La pili haikuligusa, na pengine imelipa uwanja mpana kuliko alioufikiria mwenyewe, kwa kuwa kirinoidi wa kale ni mfano ulio wazi wa kiumbe ambaye hawezi kuwa aliumbwa kwa faida ya mtu.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uangalifu. Inaweza kusemwa kwamba maneno "kwa ajili yake mwenyewe" hayana maana kwa mnyama asiye na ubongo. Kirinoidi ana mishipa ya fahamu iliyojipanga mviringo na kuingia mikononi, lakini hakuna sababu nzuri ya kudhani kwamba hufurahi au huhuzunika. Kama hakuna anayehisi, hakuna ambaye maisha hayo ni mema kwake. Jibu ni kwamba wema wa kitu kwa kiumbe haungoji hisia. Mkono uliokatwa huota tena, na huota kwa mpango: kipande juu ya kipande, mpaka urefu uliopotea urejee. Mwaka 2005 Baumiller na Charles Messing walitangaza picha za kirinoidi mwenye shina akijikokota kwa mikono kwenye sakafu ya bahari huku akivuta shina nyuma yake, mwendo ambao unadhaniwa kuwa wa kuwakimbia maadui. Mwili unaojitengeneza na kujiondoa penye hatari una hali inayoufaa na hali isiyoufaa, ajue au asijue mwenye mwili huo. Hiyo inatosha kusema kwamba kuishi kwake kulikuwa na lengo lililokuwa lake.

Namba tano nayo imeleta mjadala wake. Thomas Browne, tabibu wa Norwich, aliandika kitabu mwaka 1658 kuhusu mpangilio wa tano katika asili na sanaa, na nyota za baharini hazikukosa humo. Kwa mtu wa dini ni rahisi kuona katika miale mitano ya ekinodermata muhuri uliopigwa tangu mwanzo. Visukuku vya Kambri vinasimulia mambo mengine. Helicoplacus, aliyeelezwa mwaka 1963 kutokana na visukuku vya California, alikuwa na mifereji mitatu ya chakula iliyojizungusha mwilini. Wengine walikuwa na pande mbili zinazolingana, kulia na kushoto. Wengine hawakuwa na ulinganifu wowote. Hata leo mabuu wa kiti cha pweza huanza na pande mbili, na nyota huja baadaye. Umbo la pande mbili ni alama ya nasaba yao: katika mti wa uhai ekinodermata wako karibu zaidi na wanyama wenye uti wa mgongo, binadamu akiwemo, kuliko walivyo karibu na konokono au wadudu. Kwa hiyo tano si muhuri wa mwanzo. Ni hali iliyofikiwa, baada ya hali nyingine kujaribiwa na kuachwa. Anayeamini katika Muumba halazimiki kuiacha imani hiyo kwa sababu hii, lakini analazimika kumfikiria Muumba anayefanya kazi kwa njia ya historia, pamoja na njia zake zisizofika popote.

Namna visukuku hivi vinavyojulikana inaongeza ugumu mwingine. Kirinoidi akifa, tishu zinazoshika vipande vyake huoza, na kwa siku au wiki chache mwili husambaratika. Ili abaki mzima ni lazima afukiwe ghafla, mara nyingi akiwa hai, na tope lililoletwa na dhoruba au maporomoko. Sehemu zinazosifika kwa kirinoidi wazima, kama Crawfordsville huko Indiana au Holzmaden nchini Ujerumani, zina sifa hiyo kwa sababu ya mazingira yasiyo ya kawaida. Charles Wachsmuth, mfanyabiashara mzaliwa wa Ujerumani aliyeanza kuokota visukuku huko Burlington, Iowa, baada ya kushauriwa kukaa nje kwa ajili ya afya yake, na mwenzake Frank Springer, aliyekuwa mwanasheria, walitumia sehemu kubwa ya maisha yao kuwapanga kirinoidi wa Marekani Kaskazini. Kitabu chao kikubwa kilitoka mwaka 1897, mwaka mmoja baada ya Wachsmuth kufariki. Kazi hiyo iliwezekana kwa vile tu baadhi ya wanyama walikufa vibaya. Waliokufa kwa utulivu wamebaki vipande visivyoweza kutajwa kwa jina la spishi.

Inafuata kwamba jamii nyingi zilizowahi kuishi hazitajulikana kamwe. Hapa ndipo mtu asiye na dini na mwenye dini wanapotofautiana kwa kina zaidi kuliko katika suala la umri wa dunia. Anayesema kwamba thamani hutokana na kuthaminiwa na mtu, hana budi kukubali kwamba bahari zote za Kabonifera hazikuwa na thamani yoyote mpaka mtu wa kwanza alipookota kipande cha shina, na kwamba zile zisizoacha alama hazitakuwa nayo milele. Muumini anasema kwamba Mungu aliziona. Jibu hilo haliwezi kuthibitishwa kwa nyundo wala kwa hadubini, lakini linaeleza kwa nini mtu anayeshika kipande cha kirinoidi huhisi kwamba amegundua kitu kilichokuwa na uzito kabla yake. Ipo njia ya tatu, ya kusema kwamba kuishi kwenyewe ni jambo jema bila kuhitaji mtazamaji, Mungu au binadamu. Njia hiyo iko karibu na Musa bin Maimun kuliko inavyodhaniwa, na ni vigumu kuona kisukuku gani kingeweza kuikanusha.

Linabaki suala la wajibu. Mara nyingi husemwa kwamba, kwa kuwa spishi nyingi zilizowahi kuishi zimetoweka zenyewe, hakuna ubaya wa pekee ikiwa nyingine zitatoweka kwa mikono ya watu. Hoja hii ina kasoro ileile ya kusema kwamba, kwa kuwa kila mtu hufa, kuua si kosa. Kutokudumu kwa jamii kunaonyesha kwamba thamani yake haikutegemea kudumu; hakuonyeshi kwamba haikuwa na thamani. Na kwa ekinodermata jambo hili si la nadharia. Katika Bahari ya Hindi ya magharibi, jongoo bahari wamevuliwa kwa miongo mingi ili kukaushwa na kuuzwa Asia ya Mashariki, na baadhi ya spishi zenye bei kubwa zimepungua sana kwenye maji ya Tanzania, Kenya na visiwa vya jirani. Tangu mwaka 2020 spishi tatu za jongoo bahari, mbili kati yake zikiwa za ukanda huu, zimo katika Kiambatisho cha Pili cha mkataba wa CITES, ambao unaitaka nchi inayouza ithibitishe kwanza kwamba biashara hiyo haihatarishi kuendelea kuwako kwa spishi husika baharini. Ulinzi wa jamii, ambao wanazuoni wa karne za kati waliuhesabu kuwa kazi ya Mungu peke yake, umeandikwa humo kuwa sharti la kibali, na wanaotakiwa kulitekeleza ni maofisa wa uvuvi, wafanyabiashara na wapiga mbizi.